Upweke Uliojengwa na Wengi: Hotuba Juu ya Kisiwa cha Skellig Michael

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na nyinyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ambao pengine mmeletwa hapa bila kuulizwa, hamjambo.

Mliposikia kwamba nitazungumzia historia ya kisiwa, najua wengi mlidhani nitawapeleka Kilwa Kisiwani. Hiyo tuiweke kiporo. Leo nawapeleka kwenye jabali lililosimama katika bahari ya Atlantiki, kusini-magharibi mwa Ireland, kilomita 12 hivi kutoka pwani ya Kerry. Wenyewe hukiita Sceilg Mhichíl, na ramani nyingi zimeandika Skellig Michael, yaani Skellig ya Malaika Mikaeli. Hakina ufuko wa mchanga, hakina mto, hakina mti. Eneo lake lote ni kama hekta 22, na kilele chake kinafika mita 218 juu ya maji. Na huko juu, kwenye ukingo wa mwamba ulio mita 180 hivi kutoka usawa wa bahari, ipo monasteri ya mawe ambayo watawa wa Kikristo walianza kuijenga kati ya karne ya 6 na ya 8. Nyumba zake nyingi zingali zimesimama, na mapaa yake hayajaanguka.

Karibu kila anayeandika habari za kisiwa hiki huanza na upweke. Eti watu waliichoka dunia, wakapanda mashua, wakaenda kujificha mahali ambapo nchi inakomea. Ni hadithi tamu, wala si uongo mtupu. Lakini kadiri ninavyosoma habari za Skellig ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hakuna mtu aliyewahi kuishi pale kwa nguvu zake mwenyewe. Upweke ule ulijengwa na watu wengi, ukalishwa na watu wengi, na wazo lake halikuzaliwa Ireland hata kidogo. Lilizaliwa Afrika. Nitaanzia hapo.

Misri ya karne ya 3 na ya 4 ilikuwa na kijana aitwaye Antoni. Wazazi wake walikufa wakamwachia ardhi. Akaigawa, akawapa maskini fedha zake, akaenda kuishi jangwani kwa sala na kazi za mikono. Alikufa mwaka 356, akiwa mzee sana. Wakati huo huo Pakomi, naye Mmisri, alikuwa amefungua monasteri huko Tabennisi kando ya Nile, akaweka utaratibu wa watu kuishi pamoja, kula pamoja na kumtii mkubwa mmoja. Askofu Athanasi wa Aleksandria aliandika maisha ya Antoni, kitabu kikatafsiriwa kwa Kilatini, kikavuka bahari ya Mediterania. Augustino wa Hippo, mwana wa nchi tunayoiita leo Aljeria, anasimulia jinsi alivyotikisika aliposikia habari za Antoni kwa mara ya kwanza. Yohane Kasiani alikaa miaka mingi miongoni mwa watawa wa Misri, na mnamo mwaka 415 akafika Marseille, kusini mwa Ufaransa ya leo, akafungua monasteri na kuandika yote aliyofundishwa jangwani. Kutoka huko mafundisho hayo yakasafiri kaskazini mpaka Ireland, nchi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikiupokea Ukristo.

Sisemi kwamba Wamisri walipanda mashua wakaenda kupiga kambi Kerry. Lakini Waayalandi walijua vizuri walikuwa wakifuata nyayo za nani. Kwenye msalaba mkubwa wa mawe wa Moone, katika Kildare, amechongwa Antoni akimega mkate jangwani pamoja na Paulo mkaa pweke. Na mwaka 2006, mtu aliyekuwa akichimba mboji kwa mashine huko Fadden More, katika Tipperary, aliibua kitabu cha Zaburi kilichozama matopeni kwa miaka 1,200 hivi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Ireland walipochunguza jalada lake la ngozi, ndani yake walikuta bitana ya mafunjo. Mafunjo, matete ya Misri, hayaoti Ireland. Sijui kama kuna kitu kingine kidogo kiasi kile kinachosema mengi kiasi kile.

Sasa shida yao ilikuwa moja: Ireland haina jangwa. Ni nchi ya mvua na malisho, kila bonde lina ng'ombe na kila ng'ombe ana mwenyewe. Isitoshe, walioipokea dini mpya huko hawakuuawa kwa ajili yake kama Wakristo wa Roma au Carthage walivyouawa. Kwa hiyo wakatafuta kafara ya namna nyingine. Ipo hotuba ya kanisani ya Kiayalandi, iliyoandikwa karne ya 7 au ya 8 na kuhifadhiwa Cambrai, Ufaransa, inayotaja aina tatu za kufia dini, na ya kwanza ni mtu kuachana na kila anachokipenda kwa ajili ya Mungu. Kwa watu ambao ukoo ndio uliokuwa sheria, polisi na bima, kuondoka nyumbani kulikuwa karibu sawa na kufa. Jangwa wakalipata baharini.

Mapokeo yanasema aliyeanzisha monasteri ya Skellig ni Mtakatifu Fionán. Huenda ni kweli. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha. Mtawa wa kwanza tunayemjua kwa jina kutoka kwenye maandishi ni Suibni wa Skellig, aliyetajwa katika orodha ya watakatifu iliyotungwa Tallaght kuelekea mwisho wa karne ya 8. Yaani kufikia hapo tayari kisiwa kilikuwa na watu, na kilikuwa na sifa mpaka upande wa pili wa nchi.

Tuje kwenye mawe, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Mtu anayefika leo hupanda ngazi zaidi ya 600 kutoka chini hadi monasteri. Hiyo ni njia moja tu. Zamani zilikuwapo tatu, kila moja ikianzia kwenye ghuba yake, mashariki, kusini na kaskazini, kwa sababu upepo ukichafua maji upande mmoja, upande mwingine huenda pakaendeka. Baadhi ya ngazi zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, nyingi ni mabamba yaliyolazwa moja juu ya jingine. Kabla ya kusali, kabla ya kulala chini ya paa, ilibidi watu wajenge barabara ya kusimama wima, tena mara tatu.

Huko juu hapakuwa na mahali tambarare pa kuweka hata kibanda. Ikabidi wapatengeneze. Wakapandisha kuta nene za mawe makavu kwenye ukingo wa genge, wakajaza nyuma yake kwa kifusi na udongo, wakapata matuta mapana ya kujengea na kulimia. Kuta hizo ndizo kazi kubwa kuliko zote kisiwani, ingawa wageni huzipita bila kuziangalia kwa sababu macho yao yako kwenye zile nyumba za duara. Zingeanguka hizo, kila kitu kingeporomokea baharini.

Nyumba zenyewe sasa. Zimebaki sita, na mabaki ya ya saba. Kwa nje zinafanana na mizinga ya nyuki, kwa ndani ni za pembe nne. Hazina chokaa wala boriti. Mwashi hulaza mabamba ya mawe kuzunguka, na kila tabaka huingia ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka huko juu kabisa tundu linabaki dogo la kuzibwa kwa jiwe moja au mawili. Kinachozuia mawe yasiangukie ndani ni uzito wa mawe ya nyuma yanayokandamiza mkia wa kila bamba. Tena mabamba huinamishwa kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yatiririke upande huo. Nyumba kubwa kuliko zote ina kimo cha karibu mita 5 kwa ndani, na kwenye kuta zake kuna vishubaka vya kuwekea vitu. Kando yake kuna vikanisa viwili vilivyojengwa kwa ufundi huo huo, makaburi ya watawa, misalaba ya mawe, na kanisa la Mtakatifu Mikaeli, ambalo ni la baadaye na limejengwa kwa chokaa. Nyumba zisizo na chokaa zimedumu. Kanisa lenye chokaa limeanguka, umebaki ukuta wenye dirisha la mashariki.

Maji je? Kisiwa hakina chemchemi. Watawa walichonga mifereji kwenye uso wa mwamba ili kila tone la mvua lielekezwe kwenye mabirika. Bustani yao ilikuwa imekingwa kwa ukuta dhidi ya upepo na kuelekezwa penye jua, kwa hiyo hewa ya pale ilikuwa na joto kidogo kuliko ya nje, na mboga ziliota mahali ambapo majani yenyewe hukua kwa shida. Protini haikuwa tatizo. Kulikuwa na samaki, na kulikuwa na ndege wa baharini kwa maelfu, pamoja na mayai yao, kila majira ya kuchipua.

Lakini hawezi mtu kuishi kwa mayai na kabichi. Nafaka ilitoka bara. Ngozi za ng'ombe za kuandikia na za kuvika mashua zilitoka bara. Hata chokaa ya lile kanisa ililetwa kwa mashua. Pwani ya Iveragh, inayotazamana na kisiwa, imejaa mabaki ya makanisa madogo ya enzi ile ile. Kipo, kwa mfano, kisiwa kidogo cha Illaunloughan karibu na Valentia, kilichochimbwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1990. Watawa wa Skellig, ambao huenda hawakuzidi abati, yaani mkuu wao, na wenzake 12 kwa wakati mmoja, walikuwa ncha ya mkuki ambao mpini wake ulishikwa na wakulima na wavuvi wa nchi kavu.

Kuhusu divai ya misa, Gerald wa Wales, padri aliyeitembelea Ireland mara mbili katika miaka ya 1180 na ambaye hakuwapenda sana Waayalandi, ameandika habari ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli kwenye kisiwa cha kusini mwa nchi. Anasema nje ya mlango kulikuwa na jiwe lenye shimo, na kila asubuhi shimo hilo lilikutwa na divai ya kuwatosha mapadri waliokuwa na misa siku hiyo. Mimi husoma miujiza ya namna hii nikijiuliza ni shida gani iliyoizaa. Divai ilitoka Ufaransa. Ikafika bandarini, ikabebwa mpaka Kerry, ikasubiri bahari itulie. Kulikuwa na siku, na bila shaka zilikuwa nyingi, ambapo mtu alisimama pale juu akiangalia mawimbi na kujua kwamba divai haiji.

Mpaka hapo wengine mtasema: sawa, monasteri ni jumuiya, hilo halishangazi. Basi tuvuke upande wa pili wa kisiwa.

Skellig ina vilele viwili, na kati yake kuna bonde dogo liitwalo Tandiko la Kristo. Monasteri iko kwenye kilele cha kaskazini-mashariki, kile kifupi. Kilele cha kusini ndicho kirefu, na ni kikali mno. Kuna mahali ambapo mpandaji lazima apenye kwenye ufa wa mwamba kama bomba la moshi, akijisukuma kwa mgongo na magoti. Mwaka 1990 Walter Horn, Jenny White Marshall na Grellan Rourke walichapisha uchunguzi wao unaoonyesha kwamba karibu kabisa na ncha ya kilele hicho kulikuwa na makao ya mtawa mkaa pweke, pengine katika karne ya 9. Kuna matuta matatu: moja la bustani, moja lenye kikanisa, na la tatu limening'inia upande wa nje, juu ya shimo la mita 200 hivi hadi baharini. Kwenye tuta la kikanisa kuna mabeseni mawili yaliyochongwa kwenye mwamba ya kukingia mvua.

Huyo ndiye mpweke wa wapweke, mtu aliyeona hata wenzake 12 ni kelele. Lakini ziangalieni kuta zake. Mawe yale yalipandishwa na nani? Mtu mmoja hawezi kushikilia jiwe la kilo 50 kwenye ukingo wa genge na papo hapo akaliegemeza lingine chini yake. Lazima walikuwapo watu wa kumpasia, wa kumshikia kamba, wa kumletea chakula ujenzi ulipokuwa ukiendelea. Walimjengea mwenzao mahali pa kuwa mbali nao. Nikifikiria Ukristo wa karne zile, hilo ndilo tendo la upendo linalonishangaza kuliko yote, na sijaona likisifiwa popote.

Bahari iliyowaletea divai iliwaletea na mengine. Waviking kutoka Norwei walianza kuzishambulia pwani za Ireland mwaka 795. Walipofika Skellig, mnamo 823 au 824, hapakuwa na dhahabu nyingi ya kuchukua. Wakamchukua mtu. Kumbukumbu za Ulster, kitabu cha Kiayalandi cha matukio ya mwaka hadi mwaka, zinasema kwa sentensi moja kavu kwamba Étgal wa Skellig alichukuliwa na wapagani, akafa muda mfupi baadaye kwa njaa na kiu. Basi. Hakuna maelezo ya ziada, hakuna dua. Inaelekea Étgal alikuwa mkubwa wa monasteri na walitaka fidia. Baadaye Dublin yenyewe, mji uliokuzwa na Waviking, ikawa soko kubwa la watumwa. Sisi tuliokulia karibu na Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa maana ya mashua ngeni inayokaribia asubuhi na mapema.

Jambo ambalo huwa linapitiwa haraka ni kwamba monasteri haikufa. Mnamo 950 kumbukumbu zinataja kifo cha Blathmac wa Skellig, na mwaka 1044 kifo cha Aedh wa Skellig ya Mikaeli, na huyo ndiye anayetuonyesha kwamba kufikia hapo kisiwa kilishakabidhiwa kwa malaika mkuu, mlinzi wa mahali pa juu. Kwingineko haikuwa hivyo. Dicuil, mtawa wa Kiayalandi aliyeandika kitabu cha jiografia mwaka 825 akiwa kwa Wafaranki, anasema visiwa vya kaskazini ambako watawa wa kwao walikuwa wameishi karibu miaka 100 vilishabaki na kondoo na ndege wa baharini tu, watu wamekimbia maharamia. Katika kitabu hicho hicho anaeleza jinsi mapadri waliowahi kukaa Thule, ambayo wengi huichukulia kuwa ni Iceland, walivyomwambia kwamba majira ya kiangazi jua halizami sawasawa, kiasi kwamba usiku wa manane mtu anaweza kuchambua chawa kwenye shati lake. Namwamini mtu anayeandika hivyo.

Skellig iliondokwa polepole, si kwa upanga. Katika karne ya 12 na ya 13 dhoruba ziliongezeka na baridi ikazidi. Lakini mimi naona sababu kubwa ilikuwa ya ofisini. Sinodi, yaani mkutano wa kanisa, ya Ráth Breasail ya mwaka 1111 iliigawa Ireland katika majimbo ya maaskofu kwa mtindo wa Ulaya nzima, na mashirika ya watawa kutoka bara la Ulaya yakaingia. Monasteri ndogo za kujiendesha zenyewe zikakosa nafasi. Watawa wa Skellig wakahamia Ballinskelligs, ng'ambo ya pili kwenye nchi kavu, wakaanza kufuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Kumbukeni nimeshamtaja. Kwa hiyo jumuiya iliyopanda jabalini kwa wazo la Mmisri ilishuka na kuendelea na maisha chini ya kanuni yenye jina la mtu wa Aljeria. Walimu, mkifundisha somo la Afrika na dunia ya kale, msiishie kwenye pembe za ndovu.

Nyumba ya Ballinskelligs ilivunjwa mwaka 1578, wakati Malkia Elizabeth wa Kwanza alipokuwa akiwapokonya ardhi waliomwasi huko Munster, kusini mwa Ireland. Kisiwa kikawa mali ya watu binafsi. Mahujaji hawakujali. Waliendelea kuvuka na kupanda, na Charles Smith aliyeandika historia ya Kerry mwaka 1756 anaeleza walivyojipenyeza kwenye ule ufa, kisha wakatambaa wamepanda jiwe jembamba lililojitokeza juu ya bahari kama mtu aliyempanda punda, mpaka ncha yake, ili waubusu msalaba uliochongwa hapo na wasali. Kisha warudi kinyumenyume.

Na kulikuwa na jambo jingine la kuchekesha. Kanisa Katoliki halikufungisha ndoa wakati wa Kwaresima. Lakini watu wa Munster walishikilia kwamba Skellig ilibaki na kalenda ya zamani, na kwa hiyo Kwaresima yake ilichelewa kuanza. Maana yake? Aliyefika Jumatano ya Majivu bila mchumba bado alikuwa na nafasi, ilimradi avuke bahari. Katika karne ya 19 hilo likageuka kuwa mzaha mkubwa wa Kerry na mji wa Cork. Kila mwaka kabla ya Kwaresima watu wasiojitaja majina walitunga mashairi marefu yanayoitwa orodha za Skellig, wakawapanga makapera na wasichana wawili wawili kana kwamba wamekwisha kata tiketi ya safari: fulani mwenye kiburi na fulani mwenye mdomo, fulani mbahili na binti wa fulani. Yalichapishwa na kuuzwa mitaani. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye onyesho la taarabu na kusikia mipasho ikimjia mtu aliyekaa kiti cha mbele anajua hasa mashairi yale yalikuwa yanafanya nini. Sidhani Fionán angefurahi, lakini kisiwa kiliendelea kuwa midomoni mwa watu, na hiyo nayo ni namna ya kuishi.

Baada ya hapo walikuja watu wa serikali na baruti. Katika miaka ya 1820 mamlaka ya bandari ya Dublin ilikinunua kisiwa, na mwaka 1826 minara miwili ya taa iliyojengwa na George Halpin ikawashwa. Barabara ya mafundi ililipuliwa kwenye mwamba, ikala sehemu ya chini ya ngazi za mashariki. Walinzi wa taa waliishi pale na familia zao. Ndani ya kile kikanisa kilichobomoka cha Mtakatifu Mikaeli kuna kaburi la watoto wawili wa mlinzi mmoja, ndugu, waliofariki mwaka 1868 na 1869. Watawa walichagua jabali lile. Watoto wale hawakuchagua, na wala mama yao. Mnara wa juu ulizimwa mwaka 1870. Wa chini ulijengwa upya miaka ya 1960 na sasa unajiwasha wenyewe tangu 1987.

Monasteri iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1880, na mwaka 1996 UNESCO ikakiingiza kisiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kisha mwaka 2014 na 2015 wakaja wapiga picha wa filamu za Star Wars, na baada ya hapo kila mtu akataka kwenda. Hawaendi wengi. Msimu ni kuanzia katikati ya Mei mpaka Septemba, wageni wanaoruhusiwa kushuka ni 180 kwa siku, na bahari ikikataa hakuna anayeshuka. Ngazi hazina reli, kwa kuwa reli ingeharibu mahali penyewe. Mwaka 2009 watalii wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliteleza wakafa. Wakazi wa kudumu sasa ni ndege. Kisiwa jirani, Skellig Ndogo, hakina mtu, lakini kina makumi ya maelfu ya ndege weupe wakubwa waitwao gannet, kiasi kwamba ukiwa mbali unadhani ni theluji. Kwenye Skellig ya Mikaeli kuna ndege wadogo wa usiku wanaotaga ndani ya kuta za watawa, katikati ya jiwe na jiwe.

Nimalizie na ugomvi, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Mwaka 1978 ilianza kazi ya kukarabati, baada ya sehemu ya kuta za matuta kuporomoka, ikaendelea kwa zaidi ya miaka 30. Mafundi walipanda kila kiangazi, wakachambua mawe yaliyoanguka, wakayarudisha. Walipofika kwenye kilele cha kusini, baadhi ya wanaakiolojia walipiga kelele: mnajenga kipya mkikiita cha zamani, mnakisia, mnafuta ushahidi. UNESCO ikatuma watu kwenda kuangalia.

Hoja ya walalamikaji ni nzito, sikatai. Jiwe likishahamishwa, halitwambii tena lilianguka vipi. Lakini mimi niko upande wa mafundi, kwa sababu ile ile niliyoisema tangu mwanzo. Hakuna karne ambayo kuta zile zilisimama zenyewe. Watawa walizibomoa na kuzijenga upya, nyumba moja juu ya msingi wa nyingine, walinzi wa taa wakazibaziba, wafanyakazi wa serikali wakaziinua tena mwishoni mwa karne ya 19. Kinachotakiwa ni kila jiwe lipigwe picha na kuchorwa kabla ya kuguswa, na kumbukumbu hizo zichapishwe mapema, zisikae kabatini.

Namwona mwalimu wangu wa zamani ameshainua mkono pale nyuma, na kwa jinsi ninavyomjua hakubaliani nami kabisa. Mwenyekiti, apewe kipaza sauti.